Nani Alifunga Taa?

Inspekta Danielle Kapinga alianza kwa kutogusa kitu. Alisimama katikati ya uwanja wa nyuma wa Mama Simone, mikono mgongoni, akaitazama taa iliyokuwa juu ya mlango wa jikoni kama mtu anayesoma tangazo refu. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, na courant, umeme wa mji, ilikuwa imerudi baada ya kukatika tangu asubuhi. Aliomba moyoni isiondoke tena mpaka giza liingie. Bila courant hapangekuwa na majaribio, na kesho saa mbili asubuhi gari lingempeleka Stéphane kwa mwendesha mashtaka, pamoja na maungamo yake ya ukurasa mmoja.

Kesi yenyewe ilielezeka haraka. Jumanne jioni Mama Simone, rais wa kwaya ya parokia, alikwenda kwenye mkutano wa akina mama. Aliporudi, kinanda cha umeme cha kwaya, ambacho yeye ndiye aliyekitunza, hakikuwepo. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa vizuri kwa ufunguo, bila mkwaruzo. Funguo zilikuwa tatu. Mmoja alikuwa nao Simone. Wa pili alikuwa nao Stéphane, mdogo wa marehemu mume wake, aliyeishi katika chumba cha uwanjani na kufanya kazi kwenye kituo cha umeme cha kiwanda kimoja huko Shituru. Wa tatu ulikuwa ukipita mikononi mwa wanakwaya, na tangu Pasaka hakuna aliyejua umekwama kwa nani. Hénoc, mpiga kinanda, alikuwa ameapa mbele ya kwaya nzima kwamba hata haukumbuki ulivyo.

Shahidi alikuwa mmoja tu, jirani wa nyuma aitwaye Mimi, mkaanga mandazi. Maelezo yake yalikuwa na sentensi mbili: alikuwa kwenye meza yake jioni ile, na taa ya Mama Simone, ile inayowaka yenyewe mtu akipita, haikuwaka.

Hapo ndipo kamba ilipomkaza Stéphane. Taa aliisimika yeye. Na alipoulizwa, alikiri: kabla ya kwenda kazini Jumanne, aliizima. Ilionekana wazi kwamba alimtengenezea mwenzake njia yenye giza na kumpa ufunguo.

“Lampe yenyewe iko na kichwa nguvu, chef,” alisema Simone. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti na bakuli tupu mapajani. Asubuhi alimpelekea Stéphane chakula rumande. Alikula chote, akarudisha bakuli bila kumwangalia usoni. “Siku ingine inawaka, siku ingine apana.”

“Siku gani inawaka?”

“Dimanche.” Simone alitaka kucheka, lakini kicheko hakikufika. “Ni lampe ya Katoliki. Dimanche inakuya ku misa, siku zingine iko nalala.”

Danielle aliandika neno Jumapili kwenye daftari, akaliwekea mstari chini. Akauliza mchezo huo ulianza lini. Simone alihesabu kwa vidole akasema yapata wiki mbili. Kabla ya hapo iliwaka kila usiku, hata paka akipita. Stéphane alikuwa amekifungua kifuniko chake Jumanne hiyohiyo mchana kwa sababu yeye Simone alimsumbua, na hakuona kasoro.

Inspekta aliingia jikoni. Kando ya mlango palikuwa na disjoncteur ndogo, swichi ya kukatia umeme, ya taa ya nje peke yake, na kidole chake cha plastiki kilitazama juu. Courant ilikuwa inapita. Aliuliza nani amekigusa tangu Jumanne. Simone alijibu kwamba kitu kile anakiogopa kama nyoka, na mwenye kukigusa yuko rumande.

Danielle akatoa mfukoni bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini. Mambo ya umeme alikuwa amejifundisha mwenyewe, katika nyumba ambayo fundi hakuwahi kurudi siku aliyoahidi. Alipanda kigoda, akaingiza ncha kwenye tundu dogo chini ya taa. Kitaa cha mpini kikawaka rangi ya chungwa. Waya ulikuwa hai.

Akashuka polepole, akabaki amesimama na bisibisi mkononi.

Asubuhi, akiwa nyuma ya nondo, Stéphane alikuwa amempa onyo moja tu. Hakulia wala hakujitetea. Alisema: “Chef, mbele ya kugusa lampe, ufungule disjoncteur. Usisahau.” Danielle alikuwa ameandika maneno hayo vilevile, na sasa aliyasoma mara mbili. Katika mji mzima wa Likasi, kufungua taa ni kuiwasha na kufunga taa ni kuizima. Mtu gani mwenye akili anakuambia uwashe umeme kabla ya kushika waya? Labda mtu anayetaka ufe. Au mtu anayetumia neno kwa namna nyingine.

Alimpigia Adrien, katibu wa ofisi, aliyeandika maungamo.

“Ule muntu alisema neno gani juu ya lampe?”

“Iko mu PV, mu maungamo yake, chef. Aliizimisha.”

“Sikuuliza kile uliandika. Naomba kile kilitoka mu kinywa yake.”

Karatasi zilisikika zikipekuliwa, ingawa jibu halikuwa kwenye karatasi. “Alisema: nilifunga. Nilifunga disjoncteur, nikaenda ku kazi. Kufunga lampe ni kuzimisha, chef. Hata mutoto wa maternelle anajua.”

“Mupe téléphone.”

Ilichukua muda. Kisha sauti ya Stéphane ikaja, kavu kidogo. Danielle alimuuliza, akimwambia afungue, alitaka afanye nini hasa.

“Ushushe ile kintu, chef. Courant ikatike.” Akauliza haraka: “Ulishagusa?”

“Bado.”

“Mungu aksanti. Ku sous-station njo vile tunasemaka. Ukifunga, njia imefungamana, courant inapita. Ukifungula, inakatika. Muntu akichanganya, tunamuzika.”

“Kwa hiyo Jumanne?”

“Nilifungula juu ya kuangalia lampe. Sikuona kintu. Nilifunga, nikaenda ku kazi. Ule bwana aliniuliza: weye njo ulifunga? Minye nikasema: eh, ni minye nilifunga. Alifurahi mpaka akanipa maji.”

Simone, aliyesikia upande mmoja tu wa mazungumzo, alikuwa amesimama bila kujua. Danielle alimweleza kwa maneno machache. Mama akaketi tena, safari hii kwenye kigoda, na kwa dakika nzima alilipangusa lile bakuli safi kwa ncha ya kikwembe chake.

Lakini inspekta hakufunga daftari. Aliandika: *Neno limesafishwa. Mtu bado.* Mtu anaweza kusema kweli kuhusu swichi na kudanganya kuhusu ufunguo. Tena taa haikuwaka Jumanne. Kama hakuna aliyeizima, ilikuwa na ugonjwa, na ugonjwa huo ulikuwa bado haujapatikana.

Akashusha kidole cha disjoncteur. Akapima tena, na kitaa cha bisibisi kikabaki kimya. Ndipo alipofungua kifuniko.

Waya zote zilikuwa zimebanwa sawasawa, kazi ya mtu asiye na haraka. Kwenye kona ya jicho la taa, lile bonge la plastiki nyeupe linaloona mtu akipita, nyigu alikuwa amejenga kiota cha udongo mwekundu ukubwa wa njegere. Simone alitaka kukikwangua kwa kisu, Danielle akamzuia. Kwanza angejua kama kina hatia. Chini ya jicho kulikuwa na vifundo vitatu vya kuzungusha. Cha kwanza kilipanga taa ikae muda gani, cha pili ione umbali gani. Cha tatu kilichorwa jua upande mmoja na mwezi upande wa pili: kikielekea jua, taa hufanya kazi hata mchana, kikielekea mwezi, husubiri giza. Kilikuwa mwezini kabisa. Danielle alivichora vyote vitatu kwenye daftari jinsi vilivyoelekea, ndipo akakigeuza cha tatu kwenye jua.

Akarudisha courant. Taa ikawaka peke yake, kama mtu aliyeamshwa ghafla, ikakaa karibu dakika moja, ikazima. Hilo alilitegemea. Akamwomba Simone atembee kutoka kwenye kamba ya nguo hadi kwenye pipa la maji, akikata mbele ya jicho. Hatua ya tatu, taa ikawaka. Wakasubiri izime. Akamwomba aje moja kwa moja kuelekea mlango. Safari hii ilichelewa, ikawaka alipokaribia. Danielle akaweka alama ya chaki chini. Walirudia mara saba, na mara zote saba iliwaka. Simone alilalamika kwamba hata maandamano ya Bikira Maria hayakumchosha hivi.

Nyigu akaachiwa huru. Waya zikaachiwa huru. Taa ilikuwa nzima. Danielle alipanda tena, akarudisha kifundo mwezini kama kwenye mchoro wake, akaketi kungoja giza.

Honi ya kiwanda ikalia. Vumbi jekundu lililokuwa limening'inia barabarani tangu mchana likageuka kijivu, kisha likaacha kuonekana. Nyuma ya ukuta mfupi, Mimi alitoka na meza yake, akaweka mbabula chini, akapuliza makaa. Alimsalimia inspekta kwa adabu, akauliza kama kazi inasonga. Danielle alijibu kwamba inasonga polepole.

Saa kumi na mbili na nusu, akamwomba Simone atembee. Kutoka kambani hadi kwenye pipa, taa haikuwaka. Akarudi, haikuwaka. Akaja moja kwa moja hadi kwenye alama ya chaki, akaipita, akagusa mlango kwa mkono. Juu ya kichwa chake taa ilikaa kimya kama sanamu.

“Unaona?” alisema Simone. “Njo vile ilifanya ile siku.”

Danielle hakuwa akiitazama taa. Alikuwa akiutazama ukuta. Kivuli chake mwenyewe kilikuwa kimelala pale, kirefu, kichwa chake kikifika karibu na jicho. Alinyanyua mkono, nacho kikanyanyua mkono. Akageuka kutafuta kinatoka wapi.

Juu ya nguzo ya Mimi kulikuwa na taa kubwa nyeupe, ya aina inayowekwa kwenye magereji, na ilimulika meza, ukuta mfupi, uwanja wa Simone na mlango wa jikoni.

“Lampe hii ya Mimi ilianza lini?”

“Tangu alianza kukaanga mangaribi.” Simone alitaka kuendelea, akasita. “Inapata posho mbili.” Wiki mbili zilezile.

“Na Dimanche?”

“Dimanche hakaangake. Anaenda ku kanisa yao mpaka…” Simone alitazama taa yake, kisha nguzo ya jirani, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Danielle alimwomba abaki palepale kwenye pipa, na akiitwa atembee. Kisha akazunguka kwa njia ya pembeni, akaingia uwanja wa pili.

Mimi alimkaribisha kigoda kilichokuwa upande wa pili wa meza na kumwekea andazi moja kwenye kipande cha karatasi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye mikono ya kazi na sauti ya chini. Alieleza kwamba biashara ya jioni ni kwa ajili ya ndoa. Binti yake Plamedie anaolewa Desemba, vikwembe vya sare vimekwisha kushonwa, na mtu hawezi kungoja Desemba akiwa amekunja mikono. Danielle alimpongeza, akala, akasifu andazi. Kisha akauliza kama Jumanne pia alikuwa akikaanga.

“Kila siku. Paka Dimanche njo ninapumuzika.”

“Na lampe yako?”

“Chef, nikaange mu giza, niuzishe batu makala?”

Wote wawili walicheka kidogo. Danielle alijipangusa vidole.

“Naomba ufunge lampe yako kidogo.”

“Nifunge aje?” Mimi alisema, bado akitabasamu. “Ya kwetu ao ya Stéphane?”

Alikuwa amesikia, juu ya ukuta, yote aliyoelezwa Simone. Danielle alilitia hilo akilini.

“Ya kwenu, mama.”

Swichi ikalia, na viwanja vyote viwili vikazama gizani. Palibaki wekundu wa mbabula na uso wa Mimi uliomulikwa kutoka chini. Danielle alihesabu hadi ishirini, kisha akamwita Simone. Zikasikika ndala mbili, tatu, na taa juu ya mlango wa jikoni ikawaka kwa nguvu zake zote. Simone alionekana katikati ya mwanga, mkono machoni, kama mtu aliyeitwa mbele ya watu bila kujiandaa.

“Ni lampe yako njo inaipofusha,” alisema Danielle. “Ile inangojaka giza. Ikiona mwangaza yako, inafikiri jua haijashuka.”

Mimi aliitazama taa ile mpaka ikazima. “Basi si Stéphane njo aliizimisha.”

“Si Stéphane.”

“Minye nilisema haikuwaka. Sikusema kama ni Stéphane.”

“Ni kweli. Kila neno ulisema ni kweli, nimesoma mara mingi. Sasa rudisha lampe yako.”

Mwanga ukarudi. Danielle alinyanyuka, akazunguka meza na kuketi kwenye kigoda cha Mimi mwenyewe, nyuma ya mafuta. Kutoka pale mlango wa jikoni wa Simone ulionekana wote, na kitasa chake, na namba ya nyumba iliyopigwa rangi nyeupe. Simone, aliyesimama bado kwenye pipa, alionekana hadi maua ya kikwembe chake.

“Mama Mimi,” alisema, “kama lampe yako haikuwaka Jumanne, ya Simone ingewaka. Na kama iliwaka, ilikuwa namulikia ule mulango kama sasa. Batu ya ofisi yetu bote baliandika giza. Weye haukusema giza hata mara moja.”

Mafuta yalichemka. Mandazi manne yalikuwa ndani, na hakuna aliyeyageuza. Moja likaanza kuwa jeusi pembeni.

“Alinisalimia,” alisema Mimi.

Danielle aliondoa macho mlangoni, akamtazama.

“Alitoka na kintu ndani ya kikwembe, akafunga mulango na ufunguo, akaniona. Akanisalimia muzuri. Akasema: jambo, mama-mukwe. Akasema ni Mama Simone njo alimutuma.” Alitafuta mwiko kwa mkono, akaupata, akabaki ameushika tu. “Minye niliitika. Kisha Mama Simone akarudi, nikasikia kelele, banasema mwizi, mwizi. Polisi bakaniuliza lampe iliwaka ao haikuwaka. Basi nikajibu ile baliuliza.”

Hakulitaja jina, na halikuhitajika. Katika mji mzima mwanaume mmoja tu, mchumba wa Plamedie, alikuwa na haki ya kumwita mama-mukwe, na alikuwa ndiye mpiga kinanda wa kwaya, aliyeapa hakumbuki ufunguo ulivyo. Hata hivyo Danielle aliliuliza, kwa sababu daftari halipokei kinachojulikana. Mimi akasema kwa sauti ndogo: Hénoc.

“Stéphane ananinunuliaka beignets kila asubui akitoka ku kazi,” aliongeza baadaye. “Siku mbili hii hakupita. Nilikuwa naangalia ile njia.”

Inspekta alifungua ukurasa mpya. Alimwambia kwamba atayaandika maneno yale palepale, kisha atamsomea, naye ataweka sahihi. Alimwambia pia kwamba yeye huandika polepole sana. Plamedie yuko ndani, na jambo hili si zuri kulisikia kwanza kutoka kwa polisi.

Mimi alimwelewa. Alijifunga kikwembe upya, akaingia nyumbani bila kuzima kitu. Mlango ukafungwa taratibu.

Danielle aliandika kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akaanza kuyageuza mandazi, vibaya. Baada ya muda Simone alivuka kwenye upenyo wa ukuta, akamnyang'anya mwiko bila neno, akaopoa lile jeusi na kulitupa. Kutoka ndani ilisikika sauti ya msichana ikiuliza swali lilelile mara mbili, kisha ikanyamaza. Simone aliusikia ukimya huo, akauelewa, akaendelea kukaanga mandazi ya jirani yake.

Ukurasa ulipojaa, Danielle alipiga simu ofisini.

“Adrien, ufungule Stéphane.”

Katibu alikuwa ametoka kujifunza jambo mchana huo, na hakutaka kukosea mara ya pili.

“Kufungula kwa namna gani, chef?”

“Kwa ufunguo,” alisema Danielle.